Haki ya Mwili na Haki ya Jicho: Mazoezi na Usingizi kwa Mtoto Mwenye Ulemavu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetuumba kwa maumbile mbalimbali na akampa kila mmoja wetu heshima yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, somo letu mwaka huu linahusu mambo mawili ambayo kila mtoto anayahitaji: kuutumia mwili mchana na kulala vizuri usiku. Tutayaangalia kwa upande wa watoto na vijana wenye ulemavu, kwa sababu hao ndio wanaonyimwa mambo hayo kuliko wengine, na mara nyingi wanaowanyima ni watu wanaowapenda.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, mwanafunzi na mzazi waweze:
(a) Kueleza jinsi mazoezi ya mchana yanavyohusiana na usingizi wa usiku.
(b) Kutaja kiasi cha mazoezi na usingizi anachohitaji mtoto kwa umri wake.
(c) Kupanga michezo na kazi zinazomfaa mtoto kwa ulemavu alionao.
(d) Kujua ni wakati gani tatizo la usingizi linahitaji daktari.

1. MCHANA NA USIKU NI HESABU MOJA

Hapa kwetu Kyela, Mnyakyusa akikusalimia husema "Ugonile", na kwa mtu wa heshima "Mugonile". Ndani ya salamu hiyo mna neno la kulala. Wazee walijua kwamba hali ya mtu inaanzia kwenye usiku wake. Lakini usiku nao unaanzia kwenye mchana, na hapo ndipo tunapojisahau.

Siku ina saa 24. Katika saa hizo mtoto atalala, atakaa na atatembea. Ukizidisha moja, unaipunguza nyingine. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 10 ambaye miguu yake haina nguvu. Asubuhi wenzake wanakwenda shule, yeye anawekwa kwenye mkeka barazani. Mama anakwenda shambani kwenye mpunga au kakao. Mtoto anakaa, anasinzia, anaamka, anasinzia tena. Jioni analishwa na kuogeshwa. Usiku ukifika nyumba nzima inataka kulala ila yeye, kwa kuwa mwili wake haukuchoka na usingizi wake ameutumia mchana. Analia, anaita, anageuka. Mama halali. Kesho yake mama amechoka, hana nguvu ya kumtoa nje, anamweka tena kwenye mkeka. Siku zinakwenda hivyo, na mwisho watu husema, "Mtoto huyu ndivyo alivyo, halali."

Sivyo alivyo. Huenda sehemu kubwa ya tabu hiyo inatokana na siku aliyopangiwa. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa mchana, harakati, chakula na nyakati zisizobadilika. Mtoto asiyepata mwanga wala harakati, saa yake hupotea. Tena usingizi mbaya humharibia mchana unaofuata: anakuwa na hasira, anaanguka ovyo, anasahau aliyohifadhi. Mwili hutoa sehemu kubwa ya homoni ya kukua wakati wa usingizi mzito, na ubongo hupanga yale aliyojifunza mtu mchana. Kwa hiyo mwanafunzi anayehifadhi Qur'an bila kulala vya kutosha anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240, yaani mtoto 1 katika kila 10. Basi suala hili si la nyumba moja au mbili.

2. DINI YETU INATUFUNDISHA NINI

Katika Surat An-Nabaa, aya ya 9 hadi ya 11, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameufanya usingizi kuwa mapumziko, usiku kuwa kama vazi la kutufunika, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Vyote vitatu vimetajwa pamoja, na aya hazikumtenga mwenye ulemavu. Yeye pia ana mchana wake na usiku wake.

Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alimfundisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki juu yake. Hadithi hii imepokewa na Bukhari. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kuudhulumu mwili wake kwa sababu ya ibada, itakuwaje sisi tuudhulumu mwili wa mtoto wetu kwa sababu ya kumhurumia?

Tutazame pia mfano wa Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), ambaye hakuwa akiona. Yeye ndiye aliyekuwa sababu ya kuteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa. Mtume (S.A.W.) hakumweka ndani. Alimpa kazi ya kuadhini, naye alikuwa akitoa adhana ya Alfajiri baada ya watu kumwambia kuwa kumepambazuka. Alimwachia pia Madina aisimamie wakati yeye Mtume alipokuwa safarini. Mtu asiyeona aliwaamsha wanaoona, na wanaoona walimsaidia kwa lile moja alilohitaji. Huo ndio msaada: mpe mtu kile anachokosa, mwachie kile anachoweza.

Na katika sala, Imran bin Husayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa alifundishwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa kulala ubavu. Sala haikuondoshwa, ila ilipewa umbo lingine. Kanuni hiyo hiyo tuitumie kwenye mazoezi. Mtoto asiyeweza kukimbia hakuondolewa harakati. Atafutiwe umbo lingine la harakati.

3. KIASI GANI KINATOSHA?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ya mwili, na kwa mara ya kwanza likaweka sehemu ya watu wenye ulemavu. Kwa watoto na vijana wenye ulemavu wa miaka 5 hadi 17, mwongozo unasema:

(i) Wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za harakati za kati au za nguvu. Si lazima ziwe za mfululizo. Kwa wiki ni dakika 420.
(ii) Angalau siku 3 kwa wiki wafanye harakati za nguvu zaidi, pamoja na zile za kuimarisha misuli na mifupa.
(iii) Wapunguze muda wa kukaa, hasa kukaa mbele ya simu na televisheni.
(iv) Asiyeweza kufikia kiasi hicho afanye kile anachoweza, aanze kidogo na kuongeza polepole. Kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Utajuaje kuwa harakati ni za kati? Zungumza naye. Akiweza kuzungumza nawe lakini pumzi haimtoshi kuimba qaswida, hizo ni za kati. Akishindwa hata kumaliza sentensi, hizo ni za nguvu.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, sala tano hazitoshi?" Sala ni ibada, na ndani yake mna kunyoosha viungo, lakini kwa mtoto haichoshi mwili kiasi hicho. Kutembea kwenda msikitini na madrasa ndiko kunakoweza kuingia kwenye hesabu.

Ama usingizi, wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 5 hadi 13 alale saa 9 hadi 11 kwa usiku, na kijana wa miaka 14 hadi 17 alale saa 8 hadi 10. Tufanye hesabu. Mtoto wa miaka 10 anayeamka saa 11:30 alfajiri kwa ajili ya sala, ili apate saa 9 inampasa awe amelala saa 2:30 usiku. Kijana wa miaka 15 anayeamka wakati huo huo awe amelala saa 3:30. Yaani wakisali Isha, hakuna nafasi ya maongezi marefu. Na Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Mtu akiifuata Sunna hii atakuta hesabu ya wataalamu imekaa mahali pake.

4. MICHEZO NA KAZI KWA KILA HALI

Kyela ina neema moja ambayo wenzetu wa Tukuyu hawana: ardhi yetu ni tambarare. Kiti cha magurudumu, magongo na baiskeli hupita kwa urahisi zaidi kuliko milimani. Tatizo letu ni mvua nyingi, matope na joto. Kwa hiyo mazoezi yapangwe asubuhi na jioni, na siku za mvua yafanyike barazani au ndani kwenye mkeka.

Mwenye udhaifu wa miguu. Asukume kiti chake mwenyewe. Ikiwa anapelekwa madrasa kwa baiskeli, ashushwe hatua kadhaa kabla ya kufika, amalizie kwa magongo au kwa kuambaa ukuta. Mikono iimarishwe kwa kuinua chupa ndogo zilizojaa mchanga na kwa kurusha mpira. Afue kanzu yake na kufagia alipokaa.

Mwenye mtindio wa ubongo. Misuli yake hukaza. Anyooshwe viungo polepole kila siku kabla ya kucheza, bila kumvuta kwa nguvu wala kumwumiza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini amwonyeshe mzazi namna ya kufanya, kisha mzazi aendelee nyumbani.

Asiyeona. Mpira ukifungwa ndani ya mfuko wa plastiki hutoa sauti, naye ataufuata kwa masikio. Kuna mchezo unaoitwa goalball uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, na mpira wake una kengele ndani. Kukimbia pia kunawezekana: yeye na mwenzake washike ncha mbili za kamba fupi.

Kiziwi. Miguu yake ni mizima, anachokosa ni filimbi. Mwamuzi atumie kitambaa badala ya filimbi, mchezo uendelee.

Mwenye usonji au ulemavu wa akili. Anapenda utaratibu usiobadilika. Njia iwe ile ile, saa ile ile, na mtu yule yule. Maelezo yawe mafupi, na umwonyeshe kwa vitendo.

Mwenye ualbino. Acheze asubuhi na mapema au jioni jua likipoa, avae kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kanzu na mtandio vinamsaidia. Awekwe mbele darasani kwa kuwa macho yake huona mbali kwa shida.

Mwenye kifafa. Anaweza kucheza, tena inafaa acheze. Lakini asipande miti, asikae karibu na moto wazi, na asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwa karibu naye.

Kuhusu maji, sisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi hadi Matema, tunajua utamu wa ziwa. Maji humbeba mtoto ambaye nchi kavu haimbebi. Hata hivyo mito yetu ina mamba, na kichocho kinapatikana katika ziwa hili. Kwa hiyo asipelekwe kwenye midomo ya mito wala kwenye maji yaliyotuama yenye majani. Mpelekeni sehemu ambazo wenyeji wanazijua kuwa salama, na kila mara akiwa na mtu mzima.

Wanaodhani kwamba michezo si ya wenye ulemavu wakumbuke timu ya Taifa ya mpira wa miguu kwa wenye ulemavu, Tembo Warriors. Wachezaji wake wa ndani hucheza kwa mguu mmoja na magongo. Mwaka 2021 walifuzu Kombe la Dunia katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Dar es Salaam, na Oktoba 2022 walicheza Kombe hilo nchini Uturuki wakafika robo fainali.

5. KINACHOMNYIMA USINGIZI

Baada ya kurekebisha mchana, tuutazame usiku. Matatizo ya usingizi ni mengi zaidi kwa watoto wenye ulemavu, na yana sababu zake.

Maumivu. Mtoto asiyeweza kujigeuza huumia upande mmoja. Ageuzwe usiku, na awekewe kanga zilizokunjwa katikati ya magoti. Kila asubuhi angalieni ngozi ya kiuno, nyonga na visigino. Wekundu au weusi usioondoka ni mwanzo wa kidonda.

Giza lisilo na tofauti. Mtoto asiyeona kabisa, hata mwanga haumfikii, saa yake ya ndani huenda ikateleza, akawa macho usiku na kusinzia mchana. Dawa yake ya kwanza ni nyakati zisizobadilika za kula, kucheza na kulala. Kwake adhana tano ni saa bora kabisa. Afundishwe kuunganisha kila adhana na jambo lake.

Kukoroma. Watoto wenye hali ya Down huwa na njia nyembamba ya hewa. Akikoroma sana, akikatika pumzi usingizini au akiamka amechoka, apelekwe hospitali.

Joto na mbu. Bonde letu lina joto na malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, karibu na dirisha lenye wavu. Malaria kali ikipanda ubongoni inaweza kumwachia mtoto ulemavu, kwa hiyo chandarua kinamlinda hata mtoto aliye mzima.

Simu. Izimwe saa moja kabla ya kulala. Simu ya kumnyamazisha mtoto jioni humwamsha usiku.

Kustuka na kutetemeka. Mtoto akipiga kelele usiku, mwili ukakakamaa au akatokwa na povu, wengine husema ni jini tu. Msomeeni Qur'an na dua, kisha mpelekeni hospitali, kwani inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Kukosa usingizi nako huamsha kifafa.

Tahadhari: msimpe mtoto dawa za mafua au za kikohozi ili alale. Zinaweza kumdhuru, hasa mwenye shida ya kupumua.

6. RATIBA YA MFANO

Hii ni ya mtoto wa miaka 10. Nyakati za sala hubadilika kidogo mwaka mzima, kwa hiyo irekebisheni.

Saa 11:30 alfajiri: kuamka, udhu na sala.
Saa 12:30 asubuhi: kunyoosha viungo, kisha kifungua kinywa nje kwenye mwanga.
Kwenda shule: dakika 20 kwa nguvu zake mwenyewe.
Baada ya Adhuhuri: chakula na kailula, isizidi nusu saa.
Baada ya Alasiri: mchezo pamoja na wenzake, dakika 30.
Kabla ya Magharibi: kazi ya nyumbani, dakika 10.
Baada ya Isha: dua za kulala, taa izimwe saa 2:30.

Jumla ya harakati ni dakika 60. Mtoto ambaye hajazoea aanze na dakika 5 au 10, aongezewe wiki kwa wiki.

7. WAJIBU WETU

Wazazi. Huruma ya kumkalisha si huruma kamili. Ataanguka mara moja mbili, na watoto wote huanguka. Kazi ya usiku wasiachiwe kina mama peke yao. Baba na kaka wapokezane zamu ya kumgeuza na kumtuliza, kwani mama asiyelala hawezi kumtoa mtoto nje asubuhi.

Walimu. Mlango wa madrasa uwe na njia isiyo na ngazi, na choo kinachofikika. Wakati wa michezo, mwanafunzi mwenye ulemavu asipewe kazi ya kulinda viatu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo unataja wazi haki ya mtoto kucheza na kushiriki michezo pamoja na wenzake.

Wanafunzi. Ninyi ndio wenye mpira. Mkibadilisha kanuni moja ndogo, mwenzenu ataingia uwanjani. Msimcheke, na msimwache ashinde kwa kumhurumia. Chezeni naye kweli.

HITIMISHO

Mtoto mwenye ulemavu hahitaji mkeka mzuri zaidi wa kukalia. Anahitaji mchana wa kuchoka kama wenzake na usiku wa kupumzika kama wenzake. Kila nyumba ianze na jambo moja wiki hii: dakika 10 za mchezo baada ya Alasiri, na taa kuzimwa mapema baada ya Isha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, awape wazazi wao subira na mapumziko, na atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za kila mwenye haki. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini mtoto anayekaa siku nzima hupata shida ya kulala usiku.
2. Kijana wa miaka 16 anaamka saa 11:00 alfajiri. Ili apate saa 8, alale saa ngapi?
3. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alifanya kazi gani? Tunajifunza nini kuhusu kumsaidia mwenye ulemavu?
4. Taja dalili tatu za usiku zinazohitaji daktari.
5. Chagua mchezo mmoja unaochezwa hapa madrasa. Andika kanuni moja utakayobadilisha ili mwenzako asiyeona au mwenye magongo aweze kuucheza, kisha ujaribuni.